Kabla ya Kwenda Kutazama Ndege Mersea na Abberton Majira ya Baridi

Anayekusudia kutumia siku moja ya Desemba kutazama ndege katika pwani ya Essex, Uingereza, na kumalizia kwenye bwawa la Abberton karibu na Colchester, aanze na jedwali la maji kujaa na kupwa kabla hajagusa darubini. Kisiwa cha Mersea kimeunganishwa na bara kwa barabara moja tu, iitwayo Strood, na maji makubwa ya bamvua huifunika. Katika pwani hiyo bamvua hujaa karibu na adhuhuri, kwa hiyo siku hukatika katikati: ama uwe umekwisha kuvuka na uridhike kubaki kisiwani hadi maji yapwe, ama uanze na bwawa. Mimi, mzaliwa wa pwani, nilijiona najua maji, nikaishia kukaa garini zaidi ya saa nzima nikiitazama barabara iliyogeuka bahari.

Hata hivyo, maji yanayojaa ndiyo yanayowaleta ndege karibu. Sululu na vitwitwi waliotawanyika matopeni husogezwa hatua kwa hatua hadi ukingoni, na bata bukini weusi waliotoka Siberia huhamia mashambani kula ngano changa. Baadhi ya jamii za vitwitwi hao hutua pia Mida, Kenya, miezi hiyohiyo.

Abberton, bwawa lililokamilika mwaka 1939, halijui bamvua. Hapo mtawala ni mwanga. Jua hukaa chini upande wa kusini na huzama kabla ya saa kumi jioni, hivyo lipewe mgongo, la sivyo bata wote wataonekana kama vivuli vyeusi. Maji yakiwa yameganda, itafutwe sehemu iliyobaki wazi, kwa kuwa ndiko wanakosongamana.

Nguo za sufu na chai ya moto hazihitaji maelezo. Kinachosahaulika ni glavu nyembamba za kuvaa ndani ya zile nene, kwani kidole kilichokufa ganzi hakiwezi kuzungusha gurudumu la darubini, pamoja na kitambaa kikavu kilichohifadhiwa mfuko wa ndani: pumzi moja juu ya kioo huleta ukungu, na kitambaa cha mfuko wa nje huwa kimekwisha kulowa. Tochi nayo iwemo, maana shakwe huja kulala bwawani giza likiingia, na miguu ya darubini kubwa hukunjwa gizani.