SOMO: Mtazame mtoto kwanza, kituo baadaye

Wazazi wenzangu, jana tena pale Mwanjelwa nimesimamishwa: "Dada, kituo gani kizuri cha kulelea watoto?" Siwezi kujibu kabla hujaniambia mwanao ameanza kufanya nini. Nimelea watoto wa watu miaka tisa hapa Mbeya, na wengi waliosumbuka walipelekwa mahali pasipolingana nao.

Hatua ya 1. Mwangalie siku mbili tatu. Anakaa bila kuegemea? Anatambaa? Akitaka maji anasema, au anavuta kanga yako?

Hatua ya 2. Linganisha na malezi. Chini ya miezi 6 anataka ziwa na mikono ileile kila siku. Likizo ya uzazi ni siku 84, kwa hiyo unarudi kazini bado ananyonya tu. Sheria inakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, zidai. Mlezi aliye jirani na kazini kwako anakufaa kuliko kituo cha kifahari cha mbali.

Miezi 8 hadi mwaka na nusu ndipo pagumu. Ameshakujua, wageni anawaogopa, na kila akiokotacho kinaenda mdomoni. Usibadilishe dada wa kazi kila mwezi. Na ukienda kumwona mlezi, tazama sakafu kabla ya kutazama ukuta.

Miaka 2 hadi 4, sasa kituo kina maana: wenzake, mchanga, vizibo vya kupanga, nyimbo. Kituo kinachomkalisha wa miaka miwili kwenye dawati aandike a e i o u, mimi napita. (Majoho ya mahafali kwa mtoto ambaye bado anajikojolea, tuyaache.)

Hatua ya 3. Nenda saa nne asubuhi bila taarifa. Mwanangu wa kwanza nilimpeleka kituo chenye katuni ukuta mzima. Siku niliyopita ghafla nikakuta watoto kumi na wanne mbele ya televisheni, mmoja suruali imelowa hadi magotini, na mlezi yuko na simu yake. Niliondoka naye saa ileile. Uliza pia cheti cha usajili. Ukiwa na shaka, wapo maofisa ustawi wa jamii pale halmashauri.

Hatua ya 4. Baridi. Juni na Julai huku kwetu wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumba walicholala watoto na kufunga madirisha. Sumu yake haina harufu, na inaua. Ukiliona, usisajili mtoto.

Hatua ya 5. Siku za kwanza kaa naye hapo saa moja, kisha punguza. Ukiondoka muage. Usimtoroke.

MASWALI

Mama, Uyole: Nina binti wa kazi kutoka Mufindi, miaka 13, mchangamfu sana. Nimwachie mtoto wa miezi mitano?

*Hapana, mama. Huyo naye ni mtoto. Sheria inaanzia miaka 14, tena kwa kazi nyepesi. Mrudishe kwao akasome.*

Baba mapacha, Makambako: Wana miaka miwili. Kulwa anaongea, Doto bado kabisa. Niwatenganishe vituo?

*Waache pamoja, kila mmoja na mwendo wake. Ila kama Doto hana hata neno moja, mpeleke kliniki wampime masikio. Usingoje.*

Mama, Soweto: Wiki ya tatu, wangu analia kila asubuhi.

*Ukishaondoka inakuwaje? Akinyamaza baada ya dakika chache, akala na kucheza, atazoea. Kuna mtu anayemkwepa?*

Mama, Soweto: Mlezi wa asubuhi anamkumbatia. Yule wa zamu ya mchana hataki hata amshike mkono.

*Basi kesho omba ruhusa kazini, upite pale saa saba. Usimwambie mtu.*