Andorra: Kabla Hujampandisha Mgeni Wako Basi, Soma Stika ya Viza

Kama unaishi Barcelona, Toulouse au popote karibu na milima ya Pyrenees, na nyumbani kwako kuna mgeni aliyekuja kwa viza kutoka Afrika Mashariki, chukua pasi yake sasa hivi. Fungua ukurasa wenye stika ya viza ya Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Tafuta mahali panapoonyesha idadi ya kuingia. Ukikuta MULT, yaani mara nyingi, endelea na mipango yako. Ukikuta 01, yaani mara moja tu, usimpeleke Andorra, ile nchi ndogo ya milimani kati ya Hispania na Ufaransa. Usimpeleke hata kwa chakula cha mchana, hata kwa saa moja ya kupiga picha.

Naanza na hilo kwa sababu mimi sikusoma.

Mamangu mdogo alikuja Februari kutoka Kilifi kwa viza ya Hispania ya siku 30. Alivyoipata mnajua wenyewe: taarifa za benki, barua ya mwaliko, bima ya euro 30,000, safari ya Nairobi kutoa alama za vidole, kisha kungoja huku roho iko juu. Alipofika Barcelona nikataka kumwonyesha theluji. Ana miaka 61 na hajawahi kuigusa. Andorra ni kama saa tatu na kitu kwa basi, nauli si ya kutisha, na kila mtu kazini kwangu hukimbilia huko wikendi. Nikakata tiketi mbili.

Kwenda, hakuna aliyetuuliza kitu. Basi lilipunguza mwendo mpakani, likapita. Hatukugongwa muhuri, hakuna aliyetazama pasi. Naomba msome sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu mtego wote umo humo. Ule ukimya wa kuingia ndio unaokufanya uamini kwamba hujatoka popote.

Tulilala usiku mmoja. Mama mdogo alishika theluji kwa mikono miwili, akacheka kama mtoto, akaomba nimrekodi video. Kesho yake jioni tukapanda basi la kurudi. Mpakani, upande wa Hispania, basi likasimamishwa na askari wawili wakapanda. Mama mdogo alikuwa amejifunga leso yake juu ya koti nililomwazima. Askari kijana akachukua pasi yake, akaifungua kwenye stika, akaweka kidole gumba chini ya ile 01 na kukiacha hapo. Halafu akatuomba tushuke na mizigo.

Nilibishana. Nilimwambia hatuna muhuri wa kutoka, kwa hiyo kwa mujibu wa karatasi hatujatoka Schengen. Akaniuliza kwa upole, “Mnatoka wapi sasa hivi?” Nikajibu Andorra. Basi, kesi ikaisha hapo. Basi letu likaondoka na abiria wametubandika macho dirishani, na mama mdogo akaniuliza kwa sauti ndogo kama tumekamatwa.

Mimi nina kadi ya ukaazi ya Hispania, ningeweza kuvuka. Yeye alikuwa ameingia Schengen mara moja kupitia uwanja wa ndege, na mara hiyo moja ndiyo aliyopewa. Tulirudi Andorra la Vella usiku, tukatafuta hoteli. Ilichukua siku sita za kupiga simu, kupanga foleni na kueleza upya habari ileile kwa kila mtu, hadi akapewa viza ya dharura ya siku chache, ya kumfikisha uwanja wa ndege tu. Zile wiki tatu zilizobaki zikapotea, tiketi ya ndege ikabadilishwa kwa pesa nyingi, na mbele yake kuna fomu nyingine ya viza atakayolazimika kueleza kilichotokea. Kilichoniuma zaidi ni kuona mwanamke aliyenilea akishushwa kwenye basi mbele za watu kwa kosa langu.

Sasa nieleze kwa nini mambo yako hivyo, maana ukielewa nchi yenyewe hutasahau.

Andorra haiko Hispania. Wala haiko Ufaransa. Imekaa katikati yao, milimani, kilomita za mraba 468. Ni nchi kamili, mwanachama wa Umoja wa Mataifa tangu Julai 1993. Haimo katika Umoja wa Ulaya, na haimo katika Schengen. Wengi hudanganywa na euro, kwa sababu ndiyo pesa inayotumika pale kwa mkataba maalumu, na kuna umoja wa forodha na Ulaya tangu miaka ya 1990 mwanzoni. Ukiona euro, ukiona magari ya Hispania na Ufaransa yanapita mpakani kama yanapita Mtwapa, unadhani uko kwenu. Hauko. Umoja wa forodha ni wa bidhaa, hasa za viwandani. Sanduku la viatu lina haki pale ambazo mama mdogo hana.

Jambo la pili: Andorra yenyewe haimdai mtalii viza. Hili ndilo wajuaji wa makundi ya WhatsApp hulishika na kulisambaza. Ni kweli. Lakini nchi ile haina uwanja wa ndege za abiria, haina reli, haina bahari. Kuna barabara kuu mbili: moja inashuka kusini kufuata mto Valira hadi La Seu d’Urgell, Hispania; nyingine inapanda kaskazini-mashariki hadi Pas de la Casa na kuingia Ufaransa, kupitia handaki au juu ya mlima kwenye Port d’Envalira, mita 2,408 kutoka usawa wa bahari. Barabara zote mbili zinaishia Schengen. Kwa hiyo kuingia Andorra bila viza ni bure, na kutoka kunahitaji viza ya Schengen inayokuruhusu kuingia mara ya pili. Kuingia mara ya pili. Narudia makusudi.

Binamu yangu aliyeko Ujerumani aliniambia baadaye, “Lakini sisi tulipita, hakuna aliyetuangalia.” Namheshimu, na najua hakuwa na nia mbaya. Lakini ndugu zangu, yeye ana kadi ya ukaazi ya Ujerumani! Na hata wale waliopita na viza ya 01 bila kusimamishwa hawakuwa na haki, walikuwa na bahati tu, na bahati haiandikwi kwenye stika. Msimwongoze mzazi wa mtu kwa bahati yenu. Tena kuanzia Oktoba 2025 mipaka ya nje ya Schengen imeanza kutumia mfumo wa kielektroniki unaosajili uso na alama za vidole za wageni wa muda mfupi, badala ya mihuri. Ile hoja yangu ya “hatuna muhuri” hata mimi siiamini tena.

Kuna na nyie mnaoishi Hispania ambao kadi imeisha na mko kwenye kuhuisha. Risiti ya maombi mkononi haitoshi kukurudisha ndani. Omba kwanza kibali cha kurejea, wao wanakiita *autorización de regreso*, kabla ya kutoka, na Andorra ni kutoka. Nimeshajua watu wawili waliokwenda kuteleza kwenye theluji na risiti mfukoni. Msifanye hivyo.

Njia sahihi ni hii. Kama unataka kumpeleka mgeni, jambo hilo lianze nyumbani, kabla hajaenda kutoa vidole. Fomu ya viza ina swali la idadi ya kuingia unayoomba: moja, mbili au nyingi. Watu wetu wengi huweka moja kwa unyenyekevu, wakidhani ukiomba kidogo hukataliwi. Mweleze mapema. Aombe mbili au nyingi, aandike kwamba atazuru Andorra, aambatishe nafasi ya hoteli ya huko na ratiba ya kurudi. Na hata akiomba nyingi, ubalozi unaweza kumpa moja. Kinachohesabika ni kilichochapwa kwenye stika, wala si kilichoandikwa kwenye fomu. Asome siku anayochukua pasi. Wewe usome tena akifika. Usome tena kabla ya kukata tiketi ya basi. Angalia pia kama bima yake inataja Andorra, maana bima iliyoandikwa nchi za Schengen tu inaweza kukuachia bili ya mguu uliovunjika.

Mengine ni madogo. Zima data ya simu kabla ya mpaka: laini ya Ulaya inahesabu Andorra kuwa nje, na romingi yake inauma. Kurudi na manukato au sigara kuna kikomo, sigara ni 300 kwa mtu mzima. Majira ya baridi gari liwe na minyororo au matairi ya theluji.

Katika siku zile sita nilizokwama niliitembea ile nchi kuliko mtalii yeyote, na nina maoni yangu. Andorra la Vella iko zaidi ya mita 1,000 juu, mji mkuu ulio juu kuliko yote ya Ulaya, na jua la Februari linazama nyuma ya mlima mapema mno. Nchi nzima ina parokia saba, ndivyo wanavyoita wilaya zao: Canillo, Encamp, Ordino, La Massana, Andorra la Vella, Sant Julià de Lòria na Escaldes-Engordany, iliyozaliwa mwaka 1978 tu. Kila moja ina baraza lake, *comú*, na inachagua wabunge wawili. Kwa hiyo bunge la watu 28 lina 14 wa parokia na 14 wa taifa zima. Mkenya aliyezoea kelele za kaunti 47 angependa kuona jambo hilo likiendeshwa kimya namna ile.

Wakuu wa nchi ni wawili, na wote wawili si wenyeji. Mmoja ni askofu wa Urgell, ambaye makao yake yako Hispania. Mwingine ni rais wa Ufaransa, yeyote yule Wafaransa wanayemchagua. Mpango huo unatokana na mapatano ya mwaka 1278 kati ya askofu na mtawala wa Foix, upande wa Ufaransa ya leo, na haki za yule mtawala zikarithiwa hadi zikafika Paris. Zamani walilipa ushuru kwa zamu kwa wakuu hao, pesa pamoja na jibini, kuku na nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Katiba ya mwaka 1993 ndiyo iliyowapa wananchi mamlaka yenyewe, na kazi za serikali anaziongoza waziri mkuu wanayemwita *cap de govern*, tangu mwaka 2019 Xavier Espot. Nilikaa nje ya Casa de la Vall, nyumba ya mawe ya karne ya 16 ambamo bunge lilikutana hadi mwaka 2011, nikawaza kwamba watu hawa wamebaki hai kati ya majirani wawili wakubwa kwa kushika karatasi zao vizuri.

Ila kuna jambo sikulipenda. Zaidi ya nusu ya wakaazi si raia. Wanaotandika vitanda na kuosha vyombo ni Wareno, Wahispania, na msimu wa theluji vijana wengi kutoka Argentina. Lugha rasmi ni Kikatalani, na ukisema “bon dia” badala ya Kihispania uso wa mwenyeji hufunguka, hilo nililipenda. Lakini kuwa raia kwa kuishi tu kunadai miaka 20, na lazima uache uraia wako wa zamani. Sisi Wakenya tuliopewa haki ya uraia pacha na Katiba ya 2010 tunajua jinsi kuachishwa pasi ya kwenu kunavyochoma. Mtu akikuchemshia supu miaka 20 hajawa wa nyumbani?

Kwa wale mnaoniuliza kuhusu kazi huko: mwajiri kwanza, kibali cha uhamiaji, kupimwa afya. Usifikirie kwenda kubahatisha. Na muwe macho hapa pia, kwa sababu kibali cha kuishi Andorra hakigeuki kuwa viza ya Schengen. Unaweza kuwa na kazi halali na nyumba, na bado kuhitaji viza ili ushuke hadi Barcelona kupanda ndege ya kwenda kuzika.

Mama mdogo ataomba tena viza mwezi wa nane. Fomu tumeshaijaza pamoja kwa simu, na kwenye swali la idadi ya kuingia ametia alama kwenye “nyingi”, halafu akanitumia picha ili nihakikishe.