Kabla hujaenda Friedrichshafen kuona meli za anga: mambo ya kuzingatia

Kuna watu wa Dar wanaokwenda Ujerumani kwa maonyesho ya biashara, kwa masomo au kumsalimia ndugu, halafu wanachomoa siku moja waende Makumbusho ya Zeppelin, kule Friedrichshafen, ya zile meli za anga za Wajerumani zilizokuwa zikielea hewani kwa gesi. Wanafanya vizuri. Ila hiyo si safari ya kuamka nayo asubuhi.

Viza kwanza. Maombi ya Schengen yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, kwa hiyo usije ukaanza kuhangaika zikiwa zimebaki wiki mbili. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000. Taarifa ya benki isiwe ya hela zilizoingia juzi. Wanaosoma karatasi zako si watoto.

Koti beba, hata kama unakwenda Mei. Mji uko ukingoni mwa ziwa Bodensee, na upepo wa pale si huu wa Coco Beach.

Siku za kufungua angalia kwenye tovuti yao wenyewe, maana makumbusho mengi ya Ujerumani hufungwa Jumatatu. Weka na sarafu za euro mfukoni, za kabati la begi na za choo cha stesheni. Ndiyo, choo cha stesheni kinalipiwa, kama cha stendi tu.

Sasa njia. Hapa soma polepole.

Shemeji yangu anauza vipuri Kariakoo, na alikuwa amekwenda Frankfurt kwenye maonyesho. Siku ya mwisho ilikuwa wazi, ndege yake usiku. Akafika stesheni alfajiri, akasimama mbele ya mashine ya tiketi, nyuma yake foleni ya watu wanaokohoakohoa kwa haraka zao. Akaandika “Friedrichs”, mashine ikamletea majina, akabonyeza moja. Bei ikatoka ndogo mno. Mfanyabiashara mzima, badala ya kushtuka, akafurahi! Nusu saa hivi baadaye treni ikafika mwisho wa njia, abiria wote wakashuka, naye akashuka, akaanza kutafuta ziwa. Akamuuliza mama mmoja mwenye mbwa. Yule mama akavaa miwani, akaichukua simu ya shemeji, akaanza kuivuta ramani kwa kidole, kusini, kusini tena, mpaka mpakani na Uswisi. Hapo ndipo akamwonyesha Friedrichshafen. Mahali waliposimama panaitwa Friedrichsdorf, kitongoji cha jirani tu na Frankfurt.

Kwenda Friedrichshafen kutoka Frankfurt ni mwendo wa saa nne hivi, mara nyingi kwa kubadilisha treni Ulm. Kwenda na kurudi siku ile ile ya kuruka usijaribu, labda uwe hupendi kurudi nyumbani. Shemeji akarudi uwanja wa ndege akakaa kwenye kiti mchana kutwa. Kumbe hapo jirani kabisa na uwanja, sehemu inayoitwa Zeppelinheim, kuna makumbusho mengine madogo ya meli hizo hizo! Alikuja kuambiwa akiwa ameshatua Dar. Mpaka leo usimtajie.

Kwa hiyo andika jina la mji lote, herufi kwa herufi, na bei ikiwa ya daladala, jiulize. Friedrichshafen penyewe kuna stesheni ya Stadt na ya Hafen. Shuka Hafen, makumbusho yako hapo hapo, ndani ya jengo la zamani la stesheni ya bandari. Ukipelekwa karibu na uwanja wa ndege wa mji huo, umefika makumbusho ya Dornier. Ni mazuri, lakini ni ya ndege.

Halafu soma kabla, usitegemee vibao vya ukutani. Watakupandisha ngazi uingie kwenye kipande cha mita 33 cha Hindenburg, meli ya anga ya Wajerumani, kilichojengwa upya kwa vipimo halisi. Meli yenyewe ilikuwa na mita 245, na ndani yake, chini ya mifuko ya haidrojeni, gesi inayowaka upesi, walikuwa wameweka chumba cha kuvuta sigara! Mimi hapo huwa siwaelewi wale watu, ingawa sigara sizo zilizoiunguza ilipoteketea Lakehurst, Marekani, Mei 6, 1937, na kuua watu 36.

La kwetu zaidi ni L 59, meli ya anga ya jeshi la Ujerumani. Iliondoka Jamboli, Bulgaria, Novemba 21, 1917, na watu 22 na tani kama 15 za risasi, dawa na vifaa, ikija huku kwa jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani wa huku, lililokuwa limebanwa kusini, upande wa Wamakonde. Hiyo ni Vita ya Kwanza ya Dunia, ile ile ya Sanamu ya Askari unayoipita kila siku Samora. Haikupangiwa kurudi, kwa sababu huku hapakuwa na haidrojeni ya kuijazia. Wangeifumua: kitambaa kiwe mahema, fremu zijengewe. Mifuko ya gesi ya meli za wakati huo ilikuwa ya utando wa utumbo wa ng'ombe. Ikiwa magharibi ya Khartoum ikaitwa kwa redio irudi, ikatua Jamboli Novemba 25, saa 95 angani bila kugusa chini. Siku hiyo hiyo Lettow-Vorbeck alikuwa anavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Ukiwa na habari hiyo kichwani, utaangalia zile fremu kwa jicho jingine, na ukipata mwongozaji utakuwa na la kumuuliza.

Mengine ni ya kawaida. Pale ziwani simu inaweza kudaka mtandao wa Uswisi, na kifurushi chako cha Ulaya huenda hakiihusu Uswisi; zima data ukiwa ufukweni. Pasipoti itembee nawe, maana boti zinazovuka zinakwenda nchi nyingine. Picha za watoto wa watu usipige. Na mtu akikuomba umpelekee ndugu yake wa Stuttgart kafurushi kadogo, mwambie begi limejaa, hata akiwa shangazi.