Somo: Umeshuka Stendi ya Magufuli, Mbezi. Unaingiaje mjini?

Wakuu, swali hili linaulizwa kila wiki, na Disemba ikikaribia linaulizwa kila siku. Naliandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Mwambie mwenyeji wako akutajie kituo, si mtaa. Dar ina majina pacha yanayowapoteza watu. Mbezi uliyoshukia (Mbezi Luis, Barabara ya Morogoro) siyo Mbezi Beach, ambayo iko Barabara ya Bagamoyo. Mawasiliano, ambayo wengine bado wanaiita Simu 2000, siyo Makumbusho.

2. Vunja hela kubwa kabla hujatoka stendi.

3. Ukienda Magomeni, Kariakoo, Posta au Morocco, tafuta mwendokasi, yaani mabasi ya haraka yenye njia yao. Kimara ndiko magari yanakojazana, ila mengine yanafika mpaka Mbezi. Kwingine kama Tabata, Tegeta au Gongo la Mboto, ni daladala.

4. Mwendokasi: lipa dirishani, pita getini, soma ubao wa gari. Ya Kivukoni na ya Gerezani yanakwenda pamoja mpaka Fire, hapo yanaachana. Kariakoo panda la Gerezani, Posta panda la Kivukoni. Ukikosea, shuka Fire usubiri lingine humohumo ndani ya kituo. Ukitoka getini unalipa upya. Gari la express linaruka vituo, uliza kabla.

5. Daladala: jua UELEKEO. Hapa na mimi nimewahi kuchemka, kwa hiyo soma taratibu. Gari limeandikwa GONGO LA MBOTO – MAKUMBUSHO. Likienda limeandikwa hivyo, likirudi limeandikwa hivyohivyo. Maandishi yanakupa ruti, hayakwambii gari linaelekea wapi. Uelekeo unaujua kwa upande wa barabara uliosimama: ukiitazama barabara, gari la upande wako linatokea kulia na kwenda kushoto. Kama unakokwenda kuko kulia kwako, vuka.

Kisha muulize konda, lakini uliza vizuri. Usiseme "mnafika Makumbusho?" Gari likiwa na siti tupu, jibu ni "panda!", na kweli litafika Makumbusho, baada ya kwenda kwanza Gongo la Mboto. Sema "mnaelekea wapi?" ili ataje mwenyewe. Ongeza "mnafika mwisho?", maana jioni kwenye foleni wapo wanaokatisha ruti na kugeuzia njiani. Wakikushusha kabla ya mwisho, dai sehemu ya nauli hapohapo mlangoni. Gari likishaondoka, hela imeondoka nalo.

6. Nauli hulipi ukipanda. Konda atapita akitingisha sarafu kiganjani. Kama hana chenji, mkumbushe kituo kimoja kabla ya kushuka.

7. Kushuka: sema kwa sauti "Konda, Shekilango shusha!" mapema. Ukinyamaza na hakuna mwingine wa kushuka, gari linapitiliza.

MASWALI

Mgeni_Singida: Mkuu naenda Posta, nipande gari gani?

Jibu: Soma namba 4 hapo juu.

Mgeni_Singida: Nauli je?

Jibu: LATRA, wanaosimamia usafiri wa nchi kavu, walipopandisha Disemba 2023, daladala isiyozidi kilomita 10 ikawa 600, na inapanda kwa umbali. Msikilize aliyekaa jirani analipa ngapi.

Kibindo: Yaani makonda wote ni matapeli?

Jibu: Sijaandika hivyo, rudia namba 5. Konda anajibu alichoulizwa.

Mama_Wawili: Samahani kaka, asubuhi nimeona watu wa Kariakoo wakiwa njiani wanapanda gari linalorudi Mbezi, wanagombania kabisa. Wamepotea?

Jibu: Swali zuri dada. Hawajapotea, wanageuza nalo. Asubuhi gari likifika katikati ya njia limeshajaa, ni kusimama mpaka mjini. Kwa hiyo mtu analipanda likiwa tupu, analifuata mpaka mwisho wa ruti, linageuza, anarudi nalo amekaa. Analipa nauli mbili. Ukiwa na mtoto, inalipa. Ila ukiona siti tupu nyingi asubuhi, jiulize mara mbili: huenda uko upande usio wako.

Tembele: Mvua ikinyesha?

Jibu: Mto Msimbazi ukifurika barabara inafungwa Jangwani, mwendokasi wa mjini unaishia Magomeni. Kutoka hapo zunguka kwa Barabara ya Kawawa mpaka Morocco, daladala za Posta zinazotoka upande wa Mwenge zinapita. Tenga muda, maana jiji zima litakuwa limewaza hivyohivyo.

Pweza_Nazi: Nawahi boti ya Zanzibar, nishuke Kivukoni?

Jibu: Hapana. Kivukoni ni pantoni la Kigamboni. Shuka Posta ya Zamani.

Mzaramo_Asilia: Niongeze la mizigo. Ukiwa na gunia, elewana na konda bei ya gunia KABLA halijapakiwa. Likishakuwa ndani, bei anapanga yeye.

Jibu: Kweli kabisa. Na usipande nalo saa kumi na mbili asubuhi, watakuruka.

Mgeni_Singida: Sasa mkuu Kariakoo je, gari gani?

Jibu: Namba 4, ndugu yangu. Namba 4.