Kupata nusu kipenyo na eneo la duara pale kitovu kisipoonekana

Wiki iliyopita, huku Mbagala, nilimsaidia kijana anayejifunza uashi kukadiria zege la kitako cha mviringo cha tangi la maji. Kanuni ya eneo aliikumbuka vizuri tangu darasa la saba, ila nusu kipenyo cha kuingiza katika kanuni hiyo hakujua akitoe wapi. Darasani kipimo hicho hutolewa tayari, lakini kiwanjani mtu hukuta tangi lililojaa maji, nguzo, au kipande cha ukuta uliopinda, wala hakuna aliyetia alama katikati. Kwa hiyo maelezo haya yanahusu zaidi namna ya kupata kipimo kuliko hesabu yenyewe.

Hatua ya kwanza: mzingo

Ikiwa duara ni kamili na unaweza kulizunguka, usihangaike kupima kipenyo moja kwa moja, kwa kuwa huna njia ya kujua kama utepe umepita katikati hasa. Zungusha waya wa kufungia nondo, utie alama pale unapokutana, uunyooshe chini, kisha uupime kwa utepe wa chuma. Uzi wa nailoni siukubali kabisa kwa kazi hii, kwa sababu hunyumbuka ukivutwa na hutoa urefu tofauti kila mara. Kwa tangi la plastiki, zungusha waya kwenye ukingo wa chini unaokalia zege, si juu kwenye matuta yake.

Hatua ya pili: kugawa kwa pai

Gawa mzingo kwa pai upate kipenyo, kisha gawa kwa mbili. Tangi la kijana yule lilikuwa na mzingo wa mita 5.40, na ukigawa kwa 3.1416 unapata kipenyo cha mita 1.72, yaani nusu kipenyo cha mita 0.86. Wengi wetu tulifundishwa 22/7, na si kosa. Archimedes alithibitisha zamani kwamba pai ni ndogo kidogo tu kuliko 3 na 1/7, na kwa tangi hili tofauti ya kipenyo haifiki milimita moja. Hata hivyo napendelea 3.1416, kwa sababu mtu anapogawa kwa 22/7 kwenye kikokotoo cha simu, mara nyingi hubonyeza 5.40 gawa kwa 22 gawa kwa 7, akapata jibu lisilo na maana.

Hatua ya tatu: pale linapobaki tao tu

Hatua hii iliwahi kunigharimu siku nzima. Nilipewa kibaraza cha mviringo huko Kigamboni ambacho sehemu kubwa ya ukuta wake ilikuwa imebomolewa, na mwenye nyumba alitaka ukuta mpya ufuate upinde ule ule. Hakukuwa na mzingo wa kupima wala kitovu cha kufungia kamba.

Njia yake ni hii. Ukiwa upande wa ndani, chagua nukta mbili kwenye tao na uvute kati yake mstari ulionyooka. Tafuta katikati ya mstari huo, kisha pima kimo, yaani umbali kutoka hapo hadi kwenye tao, kwa pembe mraba. Chukua nusu ya urefu wa mstari, uizidishe kwa yenyewe, ugawe kwa kimo, halafu ujumlishe kimo. Jibu ni kipenyo. Sababu yake ni kwamba kimo kikiendelezwa hupita kwenye kitovu, na mistari miwili ikikatana ndani ya duara, vipande viwili vya mmoja vikizidishwa hutoa jibu sawa na vipande viwili vya mwingine.

Kwa kuwa kifusi kilinizuia, nilivuta mstari mfupi wa mita 1.20. Kimo nilikisoma sentimita 7.2, nikapata nusu kipenyo cha mita 2.54. Nilipochora, mstari wangu haukukubali kukutana na ukuta uliobaki, nami nikarudia kuchora mara kadhaa badala ya kurudia kupima. Jioni nikagundua kwamba pale katikati palikuwa na bonge la lipu lenye unene wa sentimita 2, na kimo cha kweli kilikuwa sentimita 9.2. Niliondoa kifusi, nikavuta mstari wa mita 2.40 na kupata kimo cha mita 0.40. Nusu ya mstari ni 1.20; 1.20 mara 1.20 ni 1.44; ukigawa kwa 0.40 unapata 3.60; ukijumlisha 0.40 unapata kipenyo cha mita 4.00, na nusu kipenyo cha mita 2.00.

Kosa lile lile la sentimita 2 kwenye mstari mrefu lingenipoteza kwa sentimita 8 au 9 tu, ilhali kwenye mstari mfupi lilinipoteza kwa zaidi ya nusu mita. Kwa hiyo vuta mstari mrefu kadiri tao linavyoruhusu, hata kama itakubidi usafishe eneo kwanza. Kwangua lipu kwenye nukta zote tatu. Hakikisha pembe mraba kwa pembetatu ya sentimita 30, 40 na 50. Usichanganye uso wa ndani na wa nje, kwani hutofautiana kwa unene wa ukuta. Kisha rudia sehemu nyingine ya tao. Majibu mawili yasipokaribiana, usichimbe msingi.

Hatua ya nne: eneo

Zidisha nusu kipenyo kwa chenyewe, kisha kwa pai. Kijana aliongeza sentimita 15 kuzunguka tangi, nusu kipenyo kikawa mita 1.01 na eneo mita za mraba 3.20. Kwa unene wa mita 0.15, hilo ni zege la mita za ujazo 0.48. Mwanzoni alikuwa ameingiza kipenyo, akapata mara nne ya hapo, na alikuwa tayari kwenda kununua saruji.

Ikiwa umepewa eneo, rudi nyuma: gawa kwa pai, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kibanda cha mita za mraba 12 kinahitaji nusu kipenyo cha mita 1.95. Pima urefu huo kwenye waya, uufunge kwenye kigingi kilichosimama wima, na uzungushe.