Mlengaji mwenye umbo dogo: namna ya kumpatia bunduki isiyomuumiza

Julai iliyopita dada mmoja alipanda kutoka Moshi kuja kujifunza kulenga sahani, zile za udongo zinazorushwa hewani ili zivunjwe kwa risasi, huku kwetu upande wa Usa River. Alifuatana na mume wake, ambaye ndiye mwenye bunduki. Dukani walikuwa wamechagua shotigani (bunduki ya marisau) nyepesi kuliko zote walizoonyeshwa, kilo 2.7, kwa hoja ambayo kila mtu anaiona ya maana: dada ni mwembamba, urefu wake sentimita 154, basi apewe kitu chepesi. Baada ya risasi ya sita akaishusha, akaifungua, akanikabidhi. Alipopandisha mkono wa nguo niliona damu imeanza kuvilia, tena si begani bali kwenye msuli wa mkono, chini kabisa ya bega. "Kaka, huu mchezo si wa watu wa saizi yangu," akaniambia.

Maneno hayo huniuma kila ninapoyasikia, kwa sababu si kweli. Mwaka 1992 kule Barcelona, Zhang Shan wa China aliwashinda wanaume kwenye skiti, mchezo mmojawapo wa kulenga sahani, ya Olimpiki, akavunja sahani 223 kati ya 225. Kim Rhode wa Marekani alichukua dhahabu ya Atlanta mwaka 1996 akiwa na miaka 17. Kinachokosewa ni bunduki, na mara nyingi inakosewa kwa nia njema. Huu hapa utaratibu ninaoufuata na kila mwanafunzi mwenye umbo dogo, awe mwanamke, kijana au mzee aliyepungua nguvu.

Kabla ya yote: silaha hapa nchini inamilikiwa kwa leseni, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Anzia polisi, si dukani. Na kila kipimo nitakachokitaja hapa kinafanywa na bunduki iliyofunguliwa, ikakaguliwa kwa macho na kwa kidole kwamba haina kitu, kisha ikakaguliwa tena na mtu wa pili. Risasi zikae chumba kingine.

Hatua ya 1: Uache kwanza wepesi

Baruti inaposukuma marisau kwenda mbele, inaisukuma bunduki kurudi nyuma kwa kiasi kilekile. Bunduki nzito hurudi polepole, nyepesi hurudi mbio. Chukua risasi ileile ya gramu 28 (huo ni uzito wa marisau yaliyomo), uipige kwa bunduki ya kilo 3.4, kisha kwa ile ya kilo 2.7. Nishati inayolifikia bega kwenye ile nyepesi inazidi kwa takriban robo. Yule dada alikuwa amepewa teke kubwa zaidi kuliko mume wake, kwa jina la kumhurumia.

Basi tafuta uzito mkubwa kabisa ambao mlengaji anaweza kuubeba bila kutetemeka. Nyumbani unaweza kujipima bila bunduki: funga pamoja pakiti ya unga ya kilo mbili na ya kilo moja, uzinyanyue kwa mikono miwili hadi usawa wa kidevu, ushushe, unyanyue tena, mara 25. Hiyo ndiyo raundi moja ya sahani. Ukimaliza bila mgongo kuanza kulala nyuma, kilo tatu unaziweza. Watu wengi wadogo wa mwili niliowafundisha wametulia kati ya kilo 3.0 na 3.3. Anayeanza kujipinda nyuma kama mama mjamzito anayepumzisha mgongo, mpunguzie, maana mkao huo unalipeleka teke lote kwenye kiuno.

Hatua ya 2: Kitako, kitako, kitako

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na hapa ndipo maumivu mengi yanapokwisha.

Urefu wa kitako, ile sehemu ya nyuma inayokaa begani, hupimwa kutoka kwenye kifyatulio hadi katikati ya mwisho wa kitako. Bunduki nyingi zinatoka kiwandani na milimita 365 hadi 370, kipimo cha mwanamume wa urefu wa kawaida. Mtu wa sentimita 154 huwa ninamwanzishia milimita 330 hadi 340. Kitako kikiwa kirefu kwake, hakiwezi kuingia kwenye kile kibonde kilichopo kati ya mtulinga na bega. Kinanasa kwenye nguo kwapani, naye kwa kukosa namna anakitegesha nje, juu ya msuli wa mkono. Ndiyo maana alama ya dada yule ilikuwa pale ilipokuwa. Hata kabla hajaniambia chochote, ile alama ilishanionyesha kwamba kitako kimezidi.

Mwambie apandishe bunduki begani huku amefumba macho, shavu likae kwenye mti wa kitako, kisha afumbue. Kati ya pua yake na kidole gumba kilichoshika shingo ya kitako, vidole viwili au vitatu vipite. Nafasi ikiwa kubwa kuliko hapo, kitako ni kirefu. Pua ikikaribia kugusa gumba, ni kifupi, na risasi ya kwanza itampiga puani.

Mpime na nguo atakazolengea. Dada yule alikuja na blauzi nyepesi ya joto la Moshi, akakuta asubuhi ya Julai ya huku, akavaa koti nene la mumewe. Koti lile peke yake lilikuwa kama sentimita moja na nusu ya kitako cha ziada. Anayelenga kwenye joto na kwenye baridi apime kwa nguo nene, kisha awe na mpira mnene zaidi wa kubandika mwisho wa kitako siku za joto.

Ukikuta bunduki nzuri yenye kitako kirefu, inaweza kukatwa, lakini na fundi wa silaha, si seremala wa vitanda. Mambo mawili ya kumkumbusha. Kwanza, pembe ya mkato: ncha ya chini ya kitako ikichomoza, inachoma kifua, na wanawake wanaumia hapo zaidi. Afadhali ncha hiyo irudishwe ndani kidogo na kugeuzwa nje, mbali na kifua. Pili, ukiondoa sentimita tatu za mti, bunduki inakuwa nzito mbele. Ndiyo sababu kwa kitako kifupi napenda mitutu ya inchi 26 au 28 badala ya 30.

Na mkono nao uangaliwe. Kidole kikifika kwenye kifyatulio kwa ncha tu, ile shingo ya kitako ni nene au iko mbali mno kwa kiganja chake.

Hatua ya 3: Shavu na jicho

Asimame mbele ya kioo, bunduki tupu begani, alenge jicho lake mwenyewe. Mboni ionekane imekaa juu kidogo ya shanga ya mbele (kile kidude cha kulengea kwenye ncha ya mtutu), katikati. Ikizama nyuma ya bunduki, mahali pa shavu pako chini mno. Mlengaji wa namna hiyo hunyanyua kichwa ili aone, na bunduki ikirudi inapata nafasi ya kukimbia kabla ya kumgonga shavuni. Watu wenye shingo ndefu na nyuso nyembamba wanapatwa sana na hili. Dawa ya kujaribia ni rahisi: vipande vya kadibodi juu ya mti, kimoja kimoja, vikifungwa kwa selotepu, hadi jicho likae sawa. Ukishapata kimo, ndipo utafute kitako chenye sehemu ya shavu inayopanda na kushuka, au fundi akujengee.

Jua pia ni jicho gani linalotawala. Anyooshe mikono, atengeneze tundu dogo kwa viganja, atazame kitu cha mbali, kisha afumbe jicho mojamoja. Jicho linaloendelea kukiona ndilo. Likiwa kushoto na anashika kulia, litatue hilo kabla ya kununua chochote.

Hatua ya 4: Punguza risasi, si bunduki

Risasi ni kitu cha bei ndogo kukibadilisha kuliko bunduki. Ukishuka kutoka gramu 28 hadi 21 kwa mwendo uleule, nishati ya teke inapungua kwa zaidi ya theluthi moja. Gramu 24 ndiyo kikomo kinachoruhusiwa kwenye Olimpiki, kwa hiyo hakuna anayehitaji gramu 32 kuvunja sahani ya gramu 105.

Hapo ndipo swali la geji linapoingia, yaani kipimo cha upana wa mtutu: namba ikiwa ndogo, mtutu ni mpana. Wengi wanakimbilia geji 20 wakidhani ni laini. Geji 20 ya kilo 2.7 yenye risasi ya gramu 24 inapiga zaidi ya geji 12 ya kilo 3.3 yenye gramu hizohizo 24. Mimi huchagua geji 12, kisha ninalisha risasi ndogo. Kabla hujaamua, pita madukani uulize ni risasi zipi zinapatikana mwaka mzima.

Na ukiwa na geji zote mbili nyumbani, usiziweke kamwe kwenye mfuko mmoja. Risasi ya geji 20 ikiingia kwenye geji 12 inateleza ndani ya mtutu na kukwama mbele. Mtu akidhani hakuweka kitu, akaongeza ya 12 nyuma yake, mtutu unapasuka mkononi. Ndiyo maana maganda ya geji 20 kwa kawaida hutengenezwa ya njano.

Hatua ya 5: Mtambo

Kwa bega linaloumia, ninapendekeza nusu otomatiki (inayojipakia yenyewe risasi inayofuata) inayotumia gesi, kama Beretta A400 au Remington 1100 iliyoanza kuuzwa mwaka 1963. Sehemu ya gesi inasukuma pistoni na springi, teke linagawanyika na kufika kama msukumo badala ya kipigo. Zipo nusu otomatiki zisizotumia gesi. Huwa nyepesi na safi, ila zinapiga zaidi. Kasoro ya gesi ni masizi: usiposafisha inakwama, na baadhi hazipokei gramu 21. Anayeshika kushoto aangalie ganda linarukia upande gani.

Mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, naipenda kwa usalama, kwani ikifunguliwa kila mtu uwanjani anaona iko tupu. Ikiwa na kilo 3.3 na gramu 24, inatosha kabisa.

Hatua ya 6: Risasi 25, kisha tazama mwili

Avae vizibo vya masikio na juu yake vikinga masikio, pamoja na miwani. Sehemu kubwa ya kile watu wanachokiita teke ni mlio. Apige tano, apumzike, apige tano tena. Akianza kufumba macho kabla ya kufyatua, simamisha siku hiyo hapohapo.

Kesho yake atazame kwenye kioo. Alama kwenye mkono: kitako kirefu au kimekaa nje. Alama kwenye mtulinga: kimepanda juu mno. Shavu kuuma: rudi hatua ya 3. Kidole cha kati kuvimba: mkono uko karibu mno na kizingo cha kifyatulio.

Dada wa Moshi tulimpa nusu otomatiki ya gesi, geji 12, kilo 3.2, kitako milimita 335, gramu 24. Siku ile alipiga zote 25, akavunja tisa, na mkono haukuongeza alama. Mwezi wa tatu wa mafunzo akaanza kuegemea mbele vizuri, na pua ikaanza kusogelea gumba, tukamrudishia kipande cha mpira cha milimita saba tulichokuwa tumekitoa. Vipande hivyo msivitupe, viwekeni kwenye bahasha ndani ya sanduku la bunduki na kipimo kimeandikwa juu yake.