Kabla hujachomeka kijiti kwenye kitundu cha rauta

Ijumaa moja jioni, hapa Sakina, Arusha, nilichukua kijiti cha kuchokonolea meno nikakibonyeza kwenye kile kitundu cha nyuma ya rauta, cha kuiriseti, yaani kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Nilihesabu hadi kumi, taa zikazima zote, zikawaka tena moja moja. Nilikuwa nimesahau neno la siri la kuingilia kwenye mipangilio, basi. Nyumba nzima ilikaa bila intaneti hadi Jumatatu.

Kosa langu lilikuwa kudhani neno la siri ni moja, kumbe yako matatu. La kwanza ni la waifai, lile ambalo wageni huuliza kabla hata ya chai. La pili ni la kuingilia kwenye rauta yenyewe, ukiandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari. Haya mawili ukiriseti yanarudi kama yalivyotoka kiwandani, na kwa kawaida yameandikwa kwenye lebo iliyo chini ya rauta. La tatu ndilo lililoniponza: jina na neno la siri la akaunti ya PPPoE, ambayo rauta hutumia kujitambulisha kwa kampuni inayokuuzia intaneti. Hilo halipo kwenye lebo. Fundi aliliingiza siku ya kufunga, akaondoka nalo.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kijiti, pigia kampuni yako simu, siku ya kazi na saa za kazi, uulize: nikiriseti, itarudi hewani yenyewe au kuna taarifa za kuingiza? Baadhi ya kampuni za faiba huzituma zenyewe kutoka kwao. Zingine hapana. Kama bado unaweza kuingia kwenye mipangilio, piga picha ukurasa wa WAN, yaani ule wenye taarifa za kuunganisha rauta na kampuni, na kama kuna sehemu ya kuhifadhi nakala ya mipangilio, ihifadhi kwenye kompyuta. Shemeji yangu wa Pasua, kule Moshi, anatumia rauta ya laini. Yeye anachohitaji kunakili ni APN tu, yaani lile jina ambalo rauta hutumia kuingia kwenye intaneti ya kampuni ya simu.

Jiulize pia kama kuriseti kunahitajika kweli. Mtandao ukiwa mzito, chomoa rauta kwenye umeme, subiri nusu dakika, uchomeke. Hakuna kinachofutika. Na kama umesahau neno la kuingilia, jaribu kwanza lile la kwenye lebo. Mafundi wengi hawalibadilishi, jambo ambalo lenyewe ni hatari, ila siku hiyo litakuokoa.

Lebo isome mapema. Yangu ilikuwa imegeukia ukutani, rauta imepigwa skrubu mbili, na herufi zimefifia. Ipige picha, uikuze, utofautishe sifuri na O. Ukiibandua rauta ukutani, usiukunje waya wa faiba. Ndani yake ni kioo.

Angalia uniti za LUKU. Umeme ukikatika rauta ikiwa katikati ya kujipanga upya, mipangilio inaweza kuvurugika ukaanza upya.

Utakapoingia kwa simu, zima data kwanza. Simu ikiona waifai haina intaneti hukimbilia data ya laini, nawe utabaki unaandika 192.168.1.1 na ukurasa haufunguki. Kompyuta yenye kebo haina usumbufu huo.

Jina la waifai na neno lake lirudishe vilevile kama zamani, herufi kubwa kwa ndogo. Televisheni, printa na kamera ya getini zitajiunga zenyewe, na hutapanda ngazi kuipanga kamera upya. Ila kama ulikuwa unariseti kwa sababu majirani wanakula bando lako, badilisha, ukubali kupanda ngazi.

Neno la kuingilia kwenye rauta lenyewe libadilishe siku hiyohiyo, maana yale ya kiwandani, mathalani admin na admin, kila mtu anayajua. Langu sasa liko kwenye karatasi ndani ya mlango wa kabati la vyombo, pamoja na lile la PPPoE, chini ya namba ya mita ya LUKU.